Wikie na Keijo si wa kutupwa baharini

Juzi ile video ya bwawa la Antibes, kule kusini mwa Ufaransa, ilizunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi. Wengi mmeiona: maji yamegeuka kijani kwa mwani, viti vya watazamaji vitupu, na orka wawili (wale nyangumi wauaji weusi na weupe), mama Wikie na mwanawe Keijo, wanazunguka humo. Bustani yao ya Marineland ilifungwa Januari 2025, kwa kuwa sheria ya Ufaransa ya 2021 imekataza maonyesho ya nyangumi na pomboo. Watu waliumia roho kuiona, na mimi niliumia. Kilichonichoma zaidi ni jibu lililorudiwa na kila mtu: "Wafungulieni waende zao, si bahari ndiyo kwao?" Mmoja, tena nahodha anayepeleka wageni kuangalia pomboo nje ya mwamba wa Watamu, akaandika kwamba kama Wafaransa wameshindwa basi waletwe huku, bahari tunayo.

Kaka yangu, kwa heshima zote, hapana.

Wikie alizaliwa bwawani humo 2001. Keijo akazaliwa humo humo 2013. Bahari wazi hawajaishi hata siku moja. Samaki wanaowajua wameshakufa, wametolewa kwenye ndoo na mtu aliyesimama ukingoni. Orka wa baharini hufunzwa na mamake na nyanyake: milio ya ukoo wao, windo lao, namna ya kulizunguka, msimu gani waelekee wapi. Wewe mwenyewe, nahodha, unajua pomboo wa Watamu hawaendi ovyo. Kila kundi lina njia zake na mtoto haachi ubavu wa mamake. Sasa Keijo atafunzwa kuwinda na nani, ikiwa mamake naye hajawahi kuwinda? Kuwafungulia ni kuwaua kwa njaa, na tutakuwa tumewaua huku tunajipongeza kwamba tumewapa uhuru.

Na jambo hili limeshajaribiwa. Keiko, orka aliyepata umaarufu wa sinema, alikamatwa baharini Iceland 1979 akiwa mdogo. Akapitia Kanada, Meksiko na Oregon, na 1998 akarudishwa Iceland, kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu, akafunzwa kwa miaka. Mwaka 2002 aliondoka na kuvuka hadi Norway. Alipofika huko alifanya nini? Aliwatafuta watu. Watoto waliogelea naye, wengine wakampanda mgongoni. Desemba 2003 akafa kwa homa ya mapafu. Huyo alizaliwa baharini, akatumiwa pesa na subira ambayo mnyama mwingine hajawahi kupata, na bado hakuweza kuishi bila binadamu.

Nakubali kwamba wapo waliofaulu. Tom na Misha, pomboo wawili waliokuwa wamefungiwa kibwawa kichafu Uturuki, waliachiliwa Mei 2012 baada ya kufunzwa upya kukimbiza samaki hai. Lakini wale walikuwa wametolewa baharini, na hawakukaa kifungoni maisha yao yote. Hawa wa Antibes hawana cha kukumbuka.

Sisi watu wa Malindi tusingehitaji kuelezwa haya. Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipofika kwetu, kiboko mchanga alibaki peke yake baharini karibu na mdomo wa Mto Sabaki. Watu walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa. Ndiye Owen. Hakurudishwa Sabaki, kwa sababu viboko wengine wangemshambulia. Akapelekwa Haller Park, Mombasa, akapata maji, chakula na walezi, na akajichagulia kobe mzee kuwa mwenzake. Hakuna aliyesema Owen amenyimwa uhuru wake. Tulielewa kwamba makao mapya si lazima yawe kule mnyama alikotoka.

Basi makao yanayofaa ni yapi? Ghuba ya bahari yenyewe, imefungwa kwa wavu, yenye kina na mawimbi na viumbe vya kuwashughulisha, na walezi na daktari wa kuwahudumia mpaka siku ya mwisho. Mama na mwana wasitenganishwe. Wasizalishwe tena. Maji yawe baridi, kwani hata kama orka hupita pwani yetu mara moja moja, wazazi wa Wikie walitoka Iceland. Kuna mradi wa namna hiyo Port Hilford, Nova Scotia, huko Kanada, eneo la takriban hekta 40. Najua ni ghali, na ghuba si dawa ya kila kitu: beluga (nyangumi weupe) wawili waliotolewa Shanghai kwenda Iceland 2019 ilibidi warudishwe kwenye bwawa la ndani zaidi ya mara moja.

Lakini tuulize gharama hiyo ni ya nani. Marineland ya Antibes ilifunguliwa 1970. Kwa zaidi ya miaka 50 watu walikata tiketi kuwaona wanyama hawa wakiruka. Halafu siku ya kufunga, mzigo unakuwa wa serikali, wa wachangiaji, wa mtu yeyote mwenye huruma isipokuwa aliyevuna. Hilo nalikataa kabisa. Anayemzalisha orka bwawani, akijua anaweza kuishi miongo kadhaa, awe ameweka kando pesa za uzee wake kabla ya kuuza tiketi ya kwanza.

Kuwahamishia kwenye bustani nyingine ya maonyesho ni kuwabadilishia bwawa tu. Ufaransa ilikataa wasipelekwe Japani, na Hispania ikakataa wasiende Tenerife. Oktoba 2025 Kanada nayo ilikataa beluga 30 wa bustani ya Niagara Falls wasipelekwe China, na bustani hiyo ikajibu kwamba haina pesa za kuwalisha na huenda ikawaua. Wanyama wamekuwa mateka wa kudaiana. Malindi ilimpeleka twiga China mwaka 1415, zawadi kwa mfalme, na wakati ule hakuna aliyeuliza twiga ataishije. Miaka 600 baadaye swali hilo halina budi kuulizwa kwanza.

Na wale pomboo 12 waliokuwamo Antibes siku milango inafungwa, ambao hakuna aliyewataja kwenye kundi letu, nao wanastahili ghuba yao. Gharama yao iandikwe kwenye deni lilelile, kwa jina la mwenye bustani.