Mjuma wa Mwisho Aliacha Mabinti Watatu

Aruká Juma alipofariki kwa UVIKO-19 Februari 2021, habari zilienea kwamba Mjuma wa mwisho wa Amazonia ya Brazil ametutoka. Baadhi waliongeza neno "mwanamume", baadhi hawakujisumbua. Mzee aliacha mabinti watatu: Borehá, Mandeí na Maitá.

Waliosema kabila limekwisha wana hoja. Wajuma ni wa jamii ya Wakawahiva, ambako mtoto hufuata upande wa baba. Mwaka 1964 wauaji waliotumwa na wafanyabiashara waliua zaidi ya Wajuma 60 kwenye mto Assuã. Waliosalia wakawa wachache kiasi kwamba mabinti hao hawakuwa na Mjuma wa kuwaoa asiyekuwa ndugu yao. Mwaka 1998 serikali ikawahamishia jimbo la Rondônia kwa Wauru-Eu-Wau-Wau, kabila jingine la Wakawahiva, nao wakaolewa huko. Kwa hesabu ya wazee, basi, wajukuu wa Aruká si Wajuma. Tena kumbukumbu ya familia moja haina jirani wa kuisahihisha: ukikosea hadithi, nani atakubishia?

Hata hivyo, hesabu hiyo inaisahau lugha. Kijuma na Kiuru-Eu-Wau-Wau vyote ni Kikawahiva, na wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani. Ndoa zilezile zinazoonekana kuwamaliza Wajuma ndizo zilizowapa akina Mandeí watu wa kuongea nao. Laiti wangeolewa mjini, leo nyumba zao zingekuwa za Kireno kitupu.

Nao hawakukaa kungoja wahesabiwe na wengine. Walirudi Assuã. Mandeí akawa mkuu wa kijiji, cheo cha wanaume, kisha akamwachia Borehá. Wajukuu wakajiita Juma Uru-Eu-Wau-Wau, majina mawili kwa pamoja. Kuna atakayeona huko ni kuvunja mila. Mimi naona mila ina wenyewe, na wenyewe ndio hao.

Ila jina peke yake halitoshi, wala maandishi. Huko Rondônia, watu wa kabila jingine, Waakuntsu, waliosalimika baada ya kuuawa wenzao na wafugaji walikuwa saba tu walipofikiwa na serikali mwaka 1995; baadaye wakabaki wanawake watatu. Wanaisimu wameichambua sarufi yao kwa kirefu, kazi ya thamani kweli. Lakini sarufi haimkaripii mtoto anayechezea moto. Assuã, mtoto wa aina hiyo yupo, na bibi wa kumkaripia kwa Kikawahiva yupo pia.