Mguu wa Mbele Unasingiziwa Paje

Pwani ya Paje, Zanzibar, msimu wa kusi, walimu wa kaiti, yaani mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, huwapigia wanafunzi kelele moja: "Egemea nyuma!" Wana sababu. Mgeni akiinuka majini na uzito wake ukaenda mbele, omo ya ubao hujichimbia kwenye wimbi na yeye hupiga mbizi ya kichwa. Mguu wa nyuma ndio unaomwokoa, na kisigino chake ndicho breki. Hata warukaji hodari huukandamiza huo kabla ya kupaa.

Tatizo ni kwamba agizo la siku ya kwanza halifutwi. Mtu ameshajua kwenda, bado amekalia tezi, yaani nyuma ya ubao, kama abiria wa ngalawa aliyekataa kusogea. Tezi ikizama, omo huinuka, na nusu ya ukingo wa ubao hubaki hewani bila kushika maji. Ubao unasukuma maji badala ya kuteleza juu yake, mwendo unakufa, na kaiti inamburura demani, upande upepo unakoelekea. Naye, kwa kuamini alichofundishwa, anazidi kuegemea nyuma. Upepo ukiwa hafifu ndio kabisa: bila kuusogeza uzito mbele, ubao ukalala bapa, haendi popote.

Kwenye kugeuka ndipo kosa linapoonekana wazi. Kaiti ikipita juu ya kichwa, mvuto wake wa kwenda mbele hupungua kwa muda mfupi, na ubao hubebwa na mwendo uliokwishapatikana. Hapo inatakiwa kisigino cha nyuma kilegezwe, magoti yakunjwe, nyonga zikae katikati ya miguu miwili, kisha mguu uliokuwa nyuma uongoze. Aliyebaki ameegemea nyuma huzama kiunoni pale pale.

Wapo watakaosema hiyo ni shida yake mwenyewe, atarudi kwa miguu. Sikubaliani nao. Asiyeweza kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, kusi humpeleka Bwejuu na kaskazi humpeleka Jambiani, na njiani mna mashamba ya mwani. Kina mama wa upande huu wanalima mwani tangu 1989. Mbegu, yaani vipande vya mwani, hufungwa kimoja kimoja kwenye kamba iliyotandazwa baina ya vijiti, na huchukua kama wiki 6 kufikia kuvunwa. Maji yakipwa, mtu anayeburutwa na kaiti yenye kamba za zaidi ya mita 20 anaweza kung'oa vijiti hivyo kwa dakika moja, na mwenye shamba wala hakuwepo kwenye somo.

Kwa hiyo walimu waendelee na "egemea nyuma" mpaka mwanafunzi aweze kwenda bila kuanguka. Kisha, kabla ya kumfundisha kugeuka, wamwambie waziwazi kwamba agizo lile limekwisha, wamrudishe kwenye maji ya magotini, wamuamuru anyooshe kifua na kuukanyaga mguu wa mbele mpaka auone mkia wa povu nyuma yake umepungua.