Simu Isiyoogopa Maji, Waranti Inayoogopa Umande

Nilinunua simu kubwa. Sisemi kubwa kwa umbo, nasema kwa hadhi: ile ambayo kampuni huitoa mara moja kwa mwaka, ikapandishwa jukwaani na kupigiwa makofi. Bei sitaitaja, maana mke wangu naye husoma. Ndani ya boksi chaja haikuwemo, nikaambiwa ni katika kulinda mazingira. Nikayalinda mazingira, kisha nikanunua chaja.

Kilichonimaliza ni IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji. Muuzaji alinifafanulia kwa sauti ya mtu anayetoa siri: 6 maana yake vumbi haliingii hata chembe, 8 maana yake inazama majini kupita kina cha mita 1 na kutoka hai. Kwa hiyo mvua iliponikuta njiani nikiongea na shemeji, sikukimbia. Wenzangu walikuwa wanaficha simu zao kwapani. Mimi nikatembea kwa madaha, simu sikioni, nikiwaonea huruma.

"Haloo? Shemeji? Mbona umekata?"

Sijakata! Nilipaza sauti mpaka mbwa wa watu wakaitikia. Tangu hapo nikawa nasikia watu wote, mimi hanisikii mtu. Nilikuja kugundua kuwa nikiweka laudispika sauti inafika, kwa sababu simu hizi zina maiki zaidi ya moja na iliyokufa ni ile ya chini. Basi nikaanza kuishi hadharani. Anayenidai alinidai nikiwa kwenye foleni ya benki, na foleni nzima ikamuunga mkono. Majibu ya vipimo vya choo nilisomewa ndani ya lifti iliyojaa.

Nikabeba simu, risiti na kadi ya waranti hadi kituo cha huduma. Waranti ni ya miezi 12, hata nusu yake ilikuwa haijafika. Kijana wa kaunta akaniambia kwanza nihamishe picha zangu, maana kila kitu kitafutwa. Kisha akajirekodi video: "Moja, mbili. Moja, mbili." Akaisikiliza.

"Kaka, maiki yako nzima."

Nikamweleza kwamba video hutumia maiki nyingine. Akanitazama kwa upole, akaandika kwenye kompyuta: *Mteja analalamika.*

Akaitwa fundi mkuu. Akachomoa kidroo cha laini kwa kipini, akamulika tunduni kwa tochi ya simu yake mwenyewe, ya bei ya kawaida na nzima kabisa. Kumbe mle ndani mna kikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Changu kilikuwa kimeiva.

"Imeingia maji. Waranti haihusiki."

"Lakini simu hii haiingii maji!"

"Ndiyo, haiingii."

"Sasa yameingiaje?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza wewe."

Nikamfungulia tangazo, lile ambalo simu inatua majini taratibu huku muziki ukipigwa. Naye akanionyesha maandishi ya chini ya tangazo, saizi ya mayai ya chawa. Majaribio yalifanyika maabara, kwa maji baridi, safi, yaliyotulia. Uwezo huo hupungua kadiri simu inavyotumika. Uharibifu wa maji haumo kwenye waranti.

"Mvua yako ilikuwa imetulia?" akauliza, na nadhani hakuwa anatania.

Baada ya kelele zangu, meneja akakubali waisafishe bure, ili niondoke. Niliporudi kuichukua nikakabidhiwa simu tupu isiyo na picha hata moja, pamoja na karatasi yenye mhuri: *Hakuna hitilafu iliyoonekana.* Yaani maji yameingia kiasi cha kuua waranti, ila simu haikudhurika. Nikampigia shemeji palepale kaunta. "Haloo? Haloo?" Akakata.

Juzi nikiwa ndani ya basi, kituo kikanipigia. Kwa mazoea nikabonyeza laudispika.

"Mpendwa mteja, tunafuatilia ile maiki. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada, lakini maiki bado haija..."

"Nami nakusikia vizuri sana!"

"Unanisikia kwa sababu nimeweka laudispika!"

"Anasema kweli, binti yangu, ameweka laudispika," akadakia mzee mmoja wa siti ya nyuma.

"Hata huyo mzee namsikia," dada akasema kwa furaha. "Basi naandika imepona."