Asilimia 80 ya Nini?

Mwaka 2007 mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara Uingereza iliikataza Colgate kuendelea kudai kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanapendekeza dawa yake. Namba haikuwa ya kupikwa. Madaktari waliulizwa kweli, wakajibu kweli. Ila waliruhusiwa kutaja aina zaidi ya moja, na dawa ya mshindani ilitajwa karibu sawa na Colgate. Msomaji wa tangazo hakuambiwa hilo. Alichoelewa ni kwamba madaktari wanane kati ya kumi wameichagua hii na kuziacha nyingine.

Kwangu mimi, namba ya namna hii ina hatari kuliko uongo mtupu. Uongo ukiuchunguza unaubaini. Hii ukiichunguza unaikuta ni sahihi, unarudi ukiiamini maradufu.

Linaloniuma zaidi ni mikopo ya simu, kwa sababu anayeumia ni mama ntilie na kijana wa bodaboda. M-Shwari ilipoanza Kenya, Novemba 2012, mkopo ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 1,000 unarudisha 1,075. Shilingi sabini na tano hazimtishi mtu anayetaka kufungua genge kesho alfajiri. Lakini benki hutaja riba kwa mwaka, na hapa ndipo mtu anapotea. Anayekopa elfu moja hiyo, akailipa, akaikopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa 900 kwa kuitumia 1,000: asilimia 90. Akishindwa kulipa ndani ya siku 30, anaongezewa 7.5 nyingine.

Mwaka 2016 Kenya iliweka ukomo wa riba za benki, wakati huo ukiwa takriban asilimia 14 kwa mwaka. Ada ile haikuguswa, kwa hoja kwamba ni ada tu, si riba. Sasa mpe mtu aliyeishia darasa la saba 7.5 na 14 achague. Atachukua 7.5, na hakuna hata tarakimu moja aliyodanganywa.

Kwenye siasa mambo ni hayo hayo, ila huko hata tarakimu yenyewe huchezewa. Mwaka huo huo wa 2016, kampeni ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya ilizungusha basi jekundu lenye maandishi kwamba nchi inaupelekea Umoja huo pauni milioni 350 kila wiki. Uingereza ilikuwa ikipunguziwa mchango wake tangu miaka ya 1980. Baada ya punguzo kilichobaki kilikaribia milioni 250, na sehemu ya hizo ilirudi kwa wakulima na wengineo. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ilionya kabla ya kura kwamba namba ile inapotosha. Upande wa pili ukashika bango: si 350, ni 250! Kumsahihisha mtu hivyo ni kumsaidia, maana kwa mpiga kura wa kawaida milioni 250 nazo ni mlima wa fedha. Ukizigawa kwa wananchi wote, hazifiki pauni 4 kwa mtu kwa wiki. Kwa kiasi hicho watu wangeweza kujadiliana.

Huku kwetu tuna trilioni. Msimu wa bajeti zinatajwa mpaka masikio yanazoea. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Trilioni moja ukiwagawia wote, kila mmoja anapata kama shilingi 16,200. Hapo ndipo unaweza kusema ni nyingi au ni kidogo, kwa sababu elfu kumi na sita unajua inanunua nini. Vivyo hivyo na "tumeongeza mara mbili". Zahanati mbili zikiwa nne, hiyo nayo ni mara mbili.

Ninachodai kinawezekana. Kila mkopo wa simu uonyeshe gharama yake kwa mwaka, kwa herufi kubwa sawa na zile za asilimia ya mwezi, kabla mtu hajabonyeza kukubali. Na mtangazaji wa redio, mgeni wake akitaja trilioni, amuulize pale pale: ni za miaka mingapi, ni za watu wangapi, na je, zimeshatolewa au zimetengwa tu kwenye karatasi?