Nani Analipia Mfupa?

Bucha nyingi za mitaani Dar es Salaam zina bei mbili tu za nyama ya ng'ombe. Kuna steki, ambayo ni nyama tupu isiyo na mfupa, na kuna mchanganyiko, yaani nyama ya sehemu mbalimbali iliyokatwa pamoja na mifupa yake. Maini, utumbo na mifupa ya supu vina bei zake pembeni, lakini ubishi wa kila siku dirishani uko kwenye mchanganyiko, kwa sababu ndiyo nyama ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu.

"Kaka, nipimie nusu. Nikatie kwenye mkono, usinijazie mifupa."

"Dada, nyama bila mfupa ni steki."

Majibizano hayo nimeyasikia tangu nilipokuwa natumwa bucha na mama, na hadi leo nayasikia nikienda mwenyewe. Jibu la muuzaji linaonekana halina pa kushikwa: ng'ombe ana mifupa, na mwenye bucha hakupewa mifupa hiyo bure. Hata hivyo wapo wanunuzi wanaotaka bucha za mtaani zifuate mtindo wa supamaketi, kila sehemu ya ng'ombe iwe na jina na bei yake: shingo kivyake, kidari kivyake, mkono, mbavu na paja kadhalika, na sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Wanaopinga wanasema mchanganyiko ndio umemwezesha mtu wa chini kula nyama ya aina zote kwa bei moja, na ukiuvunja yeye atabaki na shingo na mbavu huku paja likienda hotelini. Hoja zote mbili zina uzito, na nadhani zote mbili zinapita pembeni ya tatizo lenyewe.

Tuanze na hesabu. Bei zinatofautiana mtaa hadi mtaa na msimu hadi msimu, kwa hiyo nachukua za mfano: mchanganyiko shilingi 10,000 kwa kilo, steki 13,000. Ukinunua kilo ya mchanganyiko, ukafika nyumbani ukatenga mfupa ukapata gramu 200, maana yake umelipa 10,000 kwa gramu 800 za nyama, sawa na 12,500 kwa kilo ya nyama tupu. Umeokoa kidogo, na mfupa unao. Mfupa ukiwa gramu 300, nyama yako imefika karibu 14,300 kwa kilo, na jirani aliyenunua steki amelipa pungufu yako. Mpaka uko kwenye gramu 230 hivi. Chini ya hapo mchanganyiko ni nafuu. Juu ya hapo unafuu uko kwenye ubao wa bei tu.

Kuna wanaosema mfupa nao ni chakula, na wana haki. Mfupa wenye uboho ukichemshwa taratibu na tangawizi na ndimu unatoa supu ya familia nzima, na mtoto aliyekuwa hataki kula anakula. Basi tuupe mfupa bei yake. Kama bucha ileile inauza mifupa ya supu kwa 4,000 kwa kilo, gramu 300 zina thamani ya 1,200. Ziondoe kwenye 10,000, zinabaki 8,800 kwa gramu 700 za nyama, yaani takriban 12,600 kwa kilo. Kwa nyumba inayotumia mfupa, mchanganyiko bado unaishinda steki, ingawa kwa unywele. Kwa kijana anayeishi peke yake, mwenye jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 na asiye na saa tatu za kuchemsha supu, mfupa huo unaishia kwenye ndoo ya taka.

Sasa, gramu hizo za mfupa zinatoka wapi? Ng'ombe wetu wengi mno ni wa asili, zebu mwenye nundu, aliyekulia kwenye malisho ya Shinyanga, Tabora, Singida au Dodoma. Amechinjwa akiwa mtu mzima, na amesafiri kwa lori mamia ya kilomita hadi mnada wa Pugu akipungua uzito njiani. Kwa kawaida mifupa ya mzoga wa ng'ombe ni kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake, na kwa ng'ombe aliyekonda sehemu hiyo hupanda, kwa kuwa nyama na mafuta hupungua lakini mifupa hubaki ilivyo. Tuseme asilimia 20, ili tusimwonee mwenye bucha. Kilo ya mchanganyiko wa haki ingekuwa basi na mfupa wa gramu 200. Iweje basi tunapata 300 na zaidi?

Jibu liko kwenye steki. Chukua mguu wa nyuma wa kilo 40 wenye mifupa kilo 8. Muuzaji akiuvua nyama anapata kilo 32 za steki, na anabaki na kilo 8 za mifupa. Pembeni ana kilo 40 nyingine za mkono, shingo na mbavu, nazo zina kilo 8 za mifupa yake halali. Akipasua mifupa ya mguu na kuichanganya humo, ana kilo 48 zenye mifupa kilo 16. Theluthi nzima ni mfupa! Mnunuzi wa mchanganyiko huo analipa karibu 15,000 kwa kila kilo ya nyama anayokula, na aliyechukua paja laini lisilo na mfupa amelipa 13,000. Mwenye uwezo amebeba nyama, na mfupa wake umelipiwa na mwenye nusu kilo.

Ndiyo maana hoja ya kwamba mchanganyiko ni usawa siikubali ilivyo. Ingekuwa kweli kama ng'ombe mzima angeingia kwenye mchanganyiko, na zipo bucha za vijijini na za miji midogo ambako bado ni hivyo: ng'ombe anachinjwa asubuhi, anakatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mtu anapata kilichofika zamu yake. Huko mchanganyiko ni jina la haki. Mjini, mara nyingi, ni jina la masalia ya steki.

Lakini sitaki kumgeuza mwenye bucha kuwa mwizi, kwa sababu wengi wao si wezi. Ng'ombe mnadani mara nyingi huuzwa kwa kukadiria kwa macho na si kwa kilo, kwa hiyo anayemnunua hajui kwa uhakika amenunua nyama kiasi gani hadi ngozi itoke. Hasara ya makadirio hayo inashuka ngazi kwa ngazi hadi bucha. Nyama inayoning'inia dirishani inapungua uzito kwa kukauka. Ikilala bila friji ya kuaminika, kesho yake inauzwa kwa kubembeleza. Kuna kodi ya fremu, leseni, umeme, na kijana wa kukata. Bodi ya Nyama Tanzania, iliyotokana na sheria ya mwaka 2006, imekuwa ikizitaka bucha ziachane na gogo na shoka na kutumia msumeno wa umeme. Mimi naliunga mkono agizo hilo kwa moyo wote, maana gogo halisafishiki na shoka linatawanya vipande vya mfupa vinavyovunja meno ya watu. Ila msumeno una gharama, na mwenye bucha anayeuza nusu ng'ombe kwa siku hana pa kuirudisha isipokuwa kwenye kilo.

Halafu kuna jambo ambalo supamaketi haiwezi kulifanya. Nani atakupimia nyama ya elfu mbili? Bucha ya mtaani inakupimia, tena bila kukutazama vibaya. Inakukopesha ikiandika kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Inajua kwamba mzazi wako hana meno na inakutafutia kipande kisicho na mishipa. Anayetaka bucha igeuke supamaketi afikirie kwanza watu wanaonunua robo, kwa sababu hao ndio watakaopotea.

Bei kwa kila sehemu, je, ingemsaidia mnunuzi huyo? Kwa upande mmoja, ndiyo, tena sana. Sarara ya mzoga wa kilo 120 ni kilo mbili na nusu hivi. Wanaoitaka wawekewe bei kubwa, na pesa hiyo ishushe bei ya shingo na ya muundi, yaani nyama ya mguu chini ya goti. Kilishe hakuna anachopoteza anayekula shingo, kwa kuwa nyama nyekundu ya muundi ina protini sawasawa na ya paja, takriban gramu 20 katika kila gramu 100 mbichi. Kinachotofautiana ni ulaini. Shingo, mkono, kidari na muundi ni misuli iliyofanya kazi maisha yote, imejaa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo zikipikwa kwa moto mdogo wa muda mrefu huyeyuka na kuwa ule uteute unaoufanya mchuzi ushike kwenye wali. Paja lina kitu hicho kidogo tu. Ukilipika saa mbili linakauka kama kamba. Kwa mchuzi, kwa pilau na kwa ndizi nyama, kipande cha bei ya chini ndicho kipande bora, na hili nalisema kama mpishi wa nyumbani niliyeharibu steki nyingi.

Kwa upande mwingine, saa hizo za kupika zina bei. Mkaa wa kuchemsha muundi saa tatu unaweza kula akiba yote uliyopata bucha, hasa ukiwa unapika nusu kilo tu. Hesabu ya nyama nafuu haikamiliki bila hesabu ya jiko. Mwenye sufuria ya presha ana faida kubwa hapa, maana muda unashuka hadi chini ya saa moja. Asiyenayo anaweza kukata nyama vipande vidogo na kuilaza na papai bichi lililopondwa au tangawizi mbichi, ambavyo vina vimeng'enya vinavyovunja protini. Nusu saa inatosha. Ukilaza usiku kucha kwenye papai, asubuhi utakuta uji.

Na bei ya sehemu haikai palepale. Makongoro, kichwa na utumbo vilikuwa vitu vya kupewa kwa bei ya kutupa, mpaka supu ya asubuhi ilipokuwa biashara kubwa mjini. Leo muuza supu anawahi bucha kabla yako na anachukua mzigo wote, na bei inafuata. Shingo ikipewa jina na sifa zake, nayo itapata wateja wapya wenye pesa kuliko mteja wa kwanza. Hatari hiyo siipuuzi.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo kuliko bei sita ukutani. Mchanganyiko ubaki, na bei yake ibaki moja. Ila mifupa ya steki iuzwe kama mifupa ya supu, kwenye karai lake, isirudi kwenye mchanganyiko. Turudi kwenye ule mguu wa kilo 40: kilo 32 za steki kwa 13,000 ni 416,000, na kilo 8 za mifupa kwa 4,000 ni 32,000, jumla 448,000. Angeuuza wote kama mchanganyiko angepata 400,000. Bado muuzaji amepata zaidi kwa kutoa steki. Anachokosa ni ile 48,000 ya ziada iliyokuwa ikitoka kwenye vikapu vya wanaonunua nusu nusu. Kama haitoshi, basi steki ndiyo ipande, kwa kuwa mwenye kutaka nyama bila mfupa ndiye aliyesababisha mfupa ubaki.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara kila mwaka na kuzibandika stika, na ni haki yako kuitafuta stika hiyo kwa macho. Hakuna stika inayopima mfupa. Hilo limeachwa kwa mnunuzi na ulimi wake, na anayeona haya kusema ndiye anayebeba goti la ng'ombe kwenye mfuko. Nenda asubuhi, mzoga ukiwa bado mzima, wakati nyama ya mkono na shingo bado ipo ya kuchagua. Ukitaka ya kusaga, chagua kipande kwanza, kisagwe ukiangalia.

Jambo moja tu siliwekei pande mbili. Nyama yenye bei ya chini kuliko zote mtaani, inayopitishwa mlangoni kwenye ndoo bila mhuri wa mkaguzi, si nafuu. Huenda ni kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Kimeta kinaua, na minyoo ya tegu huingia mwilini kwa nyama isiyoiva vizuri. Ukaguzi wa machinjioni, kama pale Vingunguti ambapo ujenzi wa machinjio ya kisasa ulisukumwa na Rais John Magufuli alipofika mwaka 2019, upo kwa ajili ya nyama ya mtu wa robo kilo kama ulivyo kwa ajili ya sarara ya hotelini.

Wiki iliyopita nilimwomba kijana wa bucha yangu anipimie kilo ya mkono, kisha atenganishe mfupa mbele yangu na kuupima peke yake. Alishangaa, akacheka, akafanya. Mfupa ulikuwa gramu 210. Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Na mimi nipimie hivyohivyo, mwanangu."