Eti tupumue

Wiki iliyopita tuliotoka zamu ya usiku hospitalini tuliambiwa tusiende nyumbani kwanza, kuna mtaalamu kaja kutufundisha kukabiliana na msongo wa mawazo. Projekta, soda, sambusa moja moja. Tukafumbishwa macho, tukapumua. Dada aliyekaa kando yangu akapitiwa na usingizi palepale, akakoroma. Naona ndiye peke yake aliyefaidi.

Ushauri: tulale masaa manane, tunywe maji mengi. Ahsante sana. Usiku ule wodi ya wazazi tulikuwa wawili.

Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu huu wa kuchoshwa na kazi (burnout) kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, mwaka 2019, likasema si ugonjwa, ni jambo la kazini, linaloletwa na msongo wa kazi usioshughulikiwa. Kazini, jamani. Si kwenye mapafu yangu.

Linalonikera hasa ni hili. Mama akifia leba, kikao cha kuchunguza kifo kinaitwa. Sikipingi, maana bila hicho makosa yangejirudia, na mwongozo wa vikao hivyo wenyewe unakataza kutafuta mchawi. Lakini njooni mkae humo: "Nani alikuwa zamu? Presha ilipimwa saa ngapi? Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, mbona ina mapengo?" Unajibu, unatoka, kuna mwingine anasukuma. Aliyemshika yule mama mkono hadi mwisho haulizwi hata kama amekula.

Lilinikuta mwaka juzi. Asubuhi nikajifungia chumba cha shuka, nikakaa juu ya furushi. Akaingia mkunga mmoja mtu mzima, kabakiza miaka miwili kustaafu. Hakuniambia nijikaze. Alisukuma mlango kwa kisigino, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akasema, "Mwanangu, wangu wa kwanza alikuwa kavaa kanga ya kijani. Mpaka leo kijani sivai." Tukanyamaza kama dakika kumi. Kisha nikapanda baiskeli yangu hadi Ngamiani, hapa hapa Tanga, nikalala.

Dakika kumi zile ndizo ninazodai. Kule Baltimore, Marekani, hospitali ya Johns Hopkins ina utaratibu huo tangu 2011: yakikufika unaita, saa yoyote, anakuja mtumishi mwenzako aliyefunzwa kusikiliza, na siri inabaki siri. Sisi tupeni mtu wa kutushikia zamu nusu saa na chumba chenye mlango. Bosi asiwemo. Projekta rudisheni.

Mtasema umbea. Haya, kweli, mji huu neno likisemwa Raskazone asubuhi, adhuhuri liko Chumbageni. Basi wasikilizaji tuwachague wenyewe, tunajuana nani kifua chake kina kufuli.



Yule mkunga anaondoka mwezi ujao. Jana ratiba mpya ilibandikwa ukutani. Jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu, na kando yake hakujaandikwa mtu.