"Asikanyage" halitoshi kwenye karatasi ya kuruhusiwa

Kuna maneno yamezoeleka vijiweni hapa Dodoma, kwa wanaotoka kutazama mpira Jamhuri na kwa vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria Majengo: operesheni ya kifundo haiponyi mtu, bora ubaki na mguu wako ulivyo. Yanauma kuyasikia. Ukimfuatilia huyo anayetolewa mfano, mara nyingi unakuta upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Mambo yaliharibikia nyumbani, wiki ya tatu au ya nne, alipoona maumivu yamekwisha akaweka magongo pembeni. Karatasi yake ya kuruhusiwa kutoka hospitali ilikuwa na neno moja tu: asikanyage. Haikusema mpaka lini, haikusema kwa nini, wala haikumwambia afanye nini wakati anasubiri.

Tuanze na kwa nini. Upasuaji ninaouzungumzia ni wa kutibu gegedu, yaani tabaka laini linalofunika mifupa kwenye kiungo, likichanika ndani ya kifundo. Talasi ni mfupa wa katikati ya kifundo, unaopokea uzito wote wa mwili kabla haujafika kisiginoni. Gegedu linaloufunika ni jembamba, milimita moja hadi mbili, na halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa damu, likichanika haliungi lenyewe. Kwa kukosa fahamu, halikwambii kama limepona au bado, kwa sababu maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye mfupa wa chini yake na kwenye utando wa kiungo. Ndiyo maana mtu anateguka, anachuliwa, uvimbe unashuka, na miezi sita baadaye kifundo bado kinauma kwa ndani kabisa na siku nyingine kinakwama. Eksirei inaweza isionyeshe kitu. Asiridhike nayo, aombe MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Kidonda kidogo cha gegedu, ambacho kipenyo chake hakizidi milimita 10 hadi 15, kwa kawaida kinatibiwa kwa kutoboa mfupa. Daktari anapitisha kamera na vifaa kwenye matundu mawili mbele ya kifundo. Gegedu lililolegea linakwanguliwa mpaka ukingo wa kidonda usimame wima kama ukuta wa kisima, kwa sababu ukingo uliolala hauwezi kushikilia kitu. Kisha linaondolewa tabaka gumu la chokaa lililobaki juu ya mfupa. Likiachwa, kinachoota baadaye hakishiki. Ndipo mfupa unatobolewa, tundu na tundu zikiachana milimita tatu hadi nne. Yakikaribiana zaidi, mfupa wa katikati unavunjika na matundu yanaungana. Mwisho presha ya maji yanayojaza kiungo inapunguzwa, mkanda wa pajani uliozuia damu unalegezwa, na kila tundu linaangaliwa: linapaswa kuchuruzika damu yenye matone madogo ya mafuta. Tundu kavu halijafika kwenye uboho.

Damu hiyo inaganda ndani ya kidonda, na hilo bonge ndilo tiba yenyewe. Daktari ameandaa shimo tu. Wiki za mwanzo bonge ni laini kama uji ulioanza kuganda, kisha taratibu linageuka tishu ngumu yenye nyuzi, ambayo si gegedu la asili lakini inafanya kazi yake. Sasa mtu wa kilo 70 anatembea juu yake kwenda dukani, na kila hatua mzigo unaopita kwenye kifundo ni uzito wa mwili mara kadhaa. Bonge litabaki wapi?

Kibaya zaidi, neno "asikanyage" wengine wanalielewa kuwa mguu usiguswe kabisa. Wanakaa wiki sita kifundo kimekakamaa, halafu wanashangaa hakikunji. Maagizo ni mawili, na yote yaandikwe. La kwanza, usiweke uzito kwa wiki hizo sita. La pili, kichezeshe kifundo. Gegedu linalishwa na ute wa kiungo, na ute hausambai bila mwendo. Jeraha likikauka na nyuzi zikitolewa, siku ya 10 hadi 14, na daktari akiruhusu, mgonjwa akae kitini mguu ukining'inia, avute vidole juu kisha avisukume chini, polepole, mara 20, na arudie mara kadhaa kwa siku. Akimaliza aulaze mguu juu ya mito, juu kuliko moyo.

Wapo madaktari wanaoruhusu kukanyaga mapema, hata wiki ya pili, na kwa vidonda vidogo kuna tafiti zinazowaunga mkono. Sawa, nakubali. Lakini mgonjwa wao anavaa buti maalumu, anapimiwa uzito wa kukanyaga na anaonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Usimpe ruhusa hiyo mtu anayerudi Kondoa ambaye hamtamwona tena mpaka baada ya miezi miwili.

Na huko anakorudi kuna mambo ambayo karatasi haiyataji kabisa. Choo cha kuchuchumaa kinakunja kifundo hadi mwisho huku kimebeba mwili mzima. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kinamaliza tatizo hilo kwa bei ndogo, na kiwe tayari kabla mgonjwa hajalazwa. Mchanga wetu unameza ncha ya gongo, na mpira wa chini ukilika gongo linateleza kwenye sakafu ya simenti, kwa hiyo mpira ukaguliwe kila wiki. Gongo lenyewe liachie nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ukae viganjani. Mkono ukianza kufa ganzi, ujue unaegemea kwapa. Ngazi ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Bodaboda hapana kabisa, maana dereva akifunga breki, mguu unashuka chini kabla hujafikiri. Panda bajaji.

Muda wa kuanza kukanyaga ukifika, mizani ya kawaida inasaidia kuliko maelezo marefu. Shika meza, weka mguu juu ya mizani, bonyeza mpaka isome kilo 20, ushikilie uizoee hali hiyo. Huo ndio uzito wa siku za mwanzo. Unaongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kukimbia ni baada ya miezi mitatu au minne, mpira baada ya minne hadi sita.

Ganzi kwenye mgongo wa mguu, upande wa juu na si wa chini, yaweza kuwa mshipa wa fahamu uliokwaruzwa wakati wa kuingiza kamera, mwambie daktari. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mishipa.

Kidonda kikubwa, au chenye shimo ndani ya mfupa, kutoboa hakukitoshi. Hapo hupandikizwa vipande vya mfupa na gegedu kutoka gotini kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa kidonda cha upande wa ndani mara nyingi inabidi kifundo kikatwe mfupa wa pembeni ili kufikika, kisha kifungwe kwa skrubu. Ukikanyaga mapema hapo unahatarisha pandikizo na mfupa uliokatwa, na kuna wanaobaki na maumivu ya goti ambalo lilikuwa zima. Na kama kano za kifundo zimelegea, zirekebishwe papo hapo, vinginevyo atateguka tena juu ya kidonda kilekile.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kumfanyia mkulima wa Chamwino au Bahi upasuaji huu Novemba ni kumwambia achague kati ya mguu na uwele wake, na mvua zikinyesha Desemba atashika jembe tu. Kidonda cha muda mrefu kinaweza kusubiri mavuno yaishe, Juni au Julai, wiki sita zake ziangukie kiangazi. Asiyeweza kusubiri ni yule aliyeumia juzi na kipande cha gegedu kimebanduka na mfupa wake. Hicho kinaweza kurudishwa na kukazwa mahali pake kikiwahiwa ndani ya wiki chache, na huyo apelekwe sasa, hata kama mvua imeanza.